Kati ya bunduki tatu za kale, ipi ya kuwindia kwale wa Maine?

Swali: "Mwalimu, mimi ni Mkongo wa Bukavu, nina miaka sita hapa Lewiston, Maine, na grini kadi ninayo. Msimu uliopita mwenzangu wa kazini alinifundisha kuwinda kwale wa huku kwa bunduki yake. Sasa nataka yangu, na moyo wangu uko kwenye zile za zamani za mitutu miwili zinazokunjwa katikati, kwa sababu marehemu baba alikuwa nayo moja. Mzee jirani yetu anauza tatu. Ya kwanza ni L.C. Smith, geji 12, mitutu ya inchi 30, imepakwa rangi upya inang'aa, dola 900. Ya pili ina nyundo mbili za nje, geji 12, imeandikwa W. Richards, mitutu yake ina michoro kama ngozi ya nyoka. Anasema ni ya Uingereza, dola 450. Ya tatu ni Fox Sterlingworth, geji 16, mitutu ya inchi 28, mbao zimechakaa na rangi imefifia, dola 1,100. Nina dola 1,200 tu. Nichukue ipi?"

Ndugu yangu wa Lewiston, jibu fupi ni Fox. Lakini hata hiyo Fox usiilipie kabla haijapimwa vitu viwili ambavyo mzee hatakuambia, pengine kwa kuwa na yeye havijui: urefu wa chemba zake, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa, na hali ya mitutu kwa ndani. Nina miaka 22 katika ufundi bunduki, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeitumia kutengeneza bunduki za namna hii hii unazoziulizia. Nimeona watu wengi wakinunua jina lililochongwa ubavuni, halafu wakaja kwangu na chuma kilichopasuka. Kwa hiyo nivumilie nikueleze kwa kirefu.

Tuanze na ndege, maana yeye ndiye anayechagua bunduki. Wanasayansi humwita Bonasa umbellus, lakini wazee wa Maine wanamwita kwa Kiingereza jina lile lile wanalompa kwale. Hawajakosea sana. Ukimshika mkononi utamkumbuka kwale wa nyumbani: umbo la kuku mdogo, rangi ya majani makavu, kichwa kidogo chenye kishungi. Huyu wa huku ni mzito kidogo, nusu kilo hadi gramu 700 hivi, na mkia wake hufunguka kama kipepeo cha mkaa, wenye mstari mweusi karibu na ncha. Anapenda msitu mchanga, ule unaoota upya baada ya magogo kukatwa, vichaka vya alda penye unyevu, na miti ya tufaha kwenye mashamba yaliyoachwa zamani. Hana haraka ya kuruka akikuona. Anatulia mpaka umemkaribia kabisa, au mpaka umesimama kupumua, ndipo anapaa kwa kishindo cha mabawa ambacho hata baada ya miaka mingi bado kinanishtua kifua. Kufumba na kufumbua amepita nyuma ya mti.

Basi hesabu yake ni hii. Mara nyingi unampiga akiwa hatua 15 hadi 25 kutoka ulipo, kati ya matawi, na una sekunde moja, ukibahatika moja na nusu. Na kabla ya sekunde hiyo umetembea saa nzima. Oktoba iliyopita nilitoka saa moja asubuhi nikarudi saa tisa alasiri. Niliwaamsha kwale tisa, nikafyatua mara nne, nikarudi na wawili. Siku nzima bunduki ilikuwa mikononi, si begani, kwa sababu iliyo begani haifiki kwa wakati. Hapo ndipo utaona kwamba uzito ni jambo la kwanza, na kwamba bunduki inayopendeza ukutani au inayotesa mabata kwenye maji inaweza kuwa mzigo msituni.

Sasa tuitazame L.C. Smith. Usinielewe vibaya, ni bunduki ninayoiheshimu. Zilitengenezwa Fulton, jimbo la New York, na kampuni ya Hunter Arms tangu 1890 hadi 1945, kisha Marlin wakaziendeleza miaka michache. Kufuli lake la mzunguko linabana vizuri hata baada ya miongo mingi. Lakini geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ikiwa ndogo, mtutu ni mpana) yenye mitutu ya inchi 30 kwa kawaida inakaribia ratili saba na nusu, yaani kama kilo 3.4, ambapo Fox ya geji 16 huwa karibu ratili sita na robo, kilo 2.8 hivi. Tofauti hiyo ya nusu kilo na ushei hutaihisi dukani. Saa saba mchana, kwenye kichaka cha alda, mkono wa kushoto utakuwa umeshuka bila wewe kujua, na kwale atapaa wakati huo huo.

Kuna mawili mengine yanayonitia wasiwasi kwayo. La kwanza, mtambo wa L.C. Smith umefungwa kwenye bamba mbili za pembeni, na mbao za kitako zimechimbwa ndani ili kuzipa nafasi. Mbao iliyobaki hapo ni nyembamba, kwa hiyo nyufa nyuma ya bamba ni ugonjwa wake wa kawaida. Chukua tochi, angalia mkia wa kila bamba pale chuma kinapoishia na mbao kuanza. Ufa mwembamba kama unywele unatosha kushusha bei.

La pili ni hiyo rangi mpya inayokuvutia. Mitutu miwili ya bunduki hizi imeunganishwa kwa tepe za chuma, moja juu na moja chini, zilizolehemiwa kwa lehemu laini. Kiwandani walizitia weusi kwa kutu ya polepole, kazi ya siku kadhaa isiyoumiza lehemu. Maduka mengi ya baadaye yalizitumbukiza kwenye chumvi za moto, njia inayofaa bunduki za mtutu mmoja. Kwa mitutu miwili, chumvi hizo zinakula lehemu, zinajificha chini ya tepe, na kutu inaendelea kimya kimya miaka kwa miaka. Ukiona weusi unaong'aa kama kiatu cha askari kwenye bunduki ya umri wa miaka 90, shuku kwanza. Rangi iliyofifia ya hiyo Fox mimi inanipa amani zaidi, kwa sababu haifichi kitu.

Kwa kuwa hiyo Smith ni geji 12, unaweza kuifanyia kipimo cha wazee. Toa sarafu ya senti 10 ya Marekani, ijaribu kwenye mdomo wa mtutu, bunduki ikiwa tupu na imefunguliwa. Sarafu ikigoma kuingia, mtutu huo umebanwa mdomoni mno, kile mafundi wanachokiita choki kamili. Si kipimo cha kisayansi, ila kinakupa picha. Zamani Wamarekani walipenda mbano mkali, ili angalau asilimia 70 ya marisau, zile punje ndogo zilizo ndani ya risasi, yaingie kwenye duara la inchi 30 kwa umbali wa yadi 40. Hiyo inafaa bata anayepita juu. Kwa kwale aliye yadi 20, marisau bado yamekusanyika pamoja kama ngumi: ama unamkosa kabisa, ama unampata na hakuna cha kupika.

Hiyo ya pili, W. Richards, nakuomba uiache. Na nina sababu zaidi ya moja.

Birmingham ipo kampuni maarufu iitwayo Westley Richards, iliyoanzishwa 1812. Umaarufu wake uliwafanya watengenezaji wa Liège, Ubelgiji, mwishoni mwa karne ya 19, watoe bunduki za bei ya chini zenye majina yanayokaribiana na ya Waingereza, wakaziuza kwa shehena Marekani kupitia maduka ya vifaa vya chuma. "W. Richards" ni mojawapo ya majina hayo. Mzee huenda anaamini kabisa ni ya Uingereza, simlaumu. Mwombe aondoe mbao ya mbele na mitutu, kisha tazama upande wa chini, karibu na chemba. Ukiona duara refu lenye herufi ELG na taji juu yake, hiyo ni alama ya nyumba ya ukaguzi ya Liège. Bunduki ya Uingereza ingekuwa na alama za London au Birmingham.

Hiyo michoro ya ngozi ya nyoka ni mitutu ya Damasko. Wahunzi walichukua fito za chuma laini na feleji, wakazisokota pamoja, kisha wakazizungusha kwenye mhimili na kuzifua zikawa bomba. Ni kazi ya mikono inayostahili kusifiwa, na ukiiosha kwa asidi kidogo michoro inatokea kama ushanga. Ila mitutu mingi ya namna hiyo ilitengenezwa kwa ajili ya baruti nyeusi, ile hafifu ya zamani, na kila mzunguko wa fito una mshono wake. Ndani ya mshono, baada ya miaka 120 ya unyevu, huwezi kuona kinachoendelea. Ipo mitutu ya Damasko iliyofanywa kwa ubora mkubwa, iliyokaguliwa upya kwa baruti ya kisasa na kupigwa muhuri, na watu wanawinda nayo hadi leo kwa risasi hafifu. Ya dola 450, isiyojulikana fundi wake, haimo kwenye kundi hilo. Mtutu ukipasuka, mara nyingi hupasuka mbele kidogo ya chemba, pale pale kiganja chako cha kushoto kinaposhika. Vidole havinunuliwi.

Utasikia pia kwamba kwa sheria ya serikali kuu bunduki iliyotengenezwa 1898 au kabla huhesabiwa kitu cha kale, hivyo makaratasi yake ni mepesi. Ni kweli. Lakini wepesi wa makaratasi hauongezi unene wa chuma.

Tuje kwa Fox. Ansley H. Fox alikuwa mpigaji hodari wa shabaha, na bunduki zake za Philadelphia zilisifiwa kwa mtambo wenye vipande vichache vilivyo imara. Sterlingworth ndiyo ilikuwa ya mtu wa kawaida: mtambo ule ule, bila nakshi za dhahabu wala ndege waliochongwa. Ilitoka Philadelphia tangu mwanzoni mwa miaka ya 1910 mpaka Savage walipoinunua kampuni mwishoni mwa 1929 na kuihamishia Utica, New York. Soma maandishi juu ya mitutu uone imetoka mji gani. Wakusanyaji hulipa zaidi kwa Philadelphia, lakini kwa mwindaji hali yake leo ina uzito kuliko mji ilikozaliwa. Mitutu yake si ya Damasko, ni chuma kilichoyeyushwa na kufuliwa kipande kimoja, nayo hiyo ni nafuu kubwa.

Na kwa kuwa umetoka upande wetu wa dunia, hili utalipenda. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, akiwa ndiyo kwanza ametoka kwenye urais, alipokea kutoka kwa Fox bunduki ya daraja la juu, geji 12, akasafiri nayo kwenda Afrika Mashariki. Alishuka Mombasa mwezi wa Aprili mwaka huo, akapanda treni ya bara. Bunduki hiyo hiyo iliuzwa kwenye mnada mwaka 2010 kwa dola 862,500, na mnada ulifanyika Fairfield, hapo hapo Maine, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka kwako. Ya jirani yako ni ndugu yake wa ukoo, aliyevaa nguo za kazi.

Geji 16 nayo ina hadithi yake. Geji maana yake ni idadi ya magololi ya risasi yenye upana wa mtutu yanayotimiza ratili moja. Magololi 12 ni makubwa, 20 ni madogo, 16 yako katikati. Bunduki ya geji 16 hubeba wakia moja ya marisau kwa raha, na wakia moja ni chakula tosha kwa kwale, huku mwili wake ukibaki mwembamba mkononi. Dosari yake ni moja, na ndiyo sababu nimesema usilipie kwanza.

Zamani risasi ya kawaida ya geji 16 Marekani ilikuwa na urefu wa inchi 2 na 9/16. Leo madukani utakuta za inchi 2 na 3/4. Sasa sikiliza vizuri. Urefu unaoandikwa kwenye boksi ni wa ganda likiwa limeshafyatuliwa, yaani mdomo wake uliokunjwa umefunguka. Kabla ya kufyatuliwa ganda ni fupi. Kwa hiyo risasi ya kisasa itaingia kwenye chemba ya zamani bila shida yoyote, bunduki itafunga vizuri, na utadhani mambo ni shwari. Ukifyatua, mdomo wa ganda unafunguka na kukosa nafasi, unajikunja kwenye koo jembamba lililo mbele ya chemba, na marisau yanapita kwa kulazimishwa. Shinikizo linapanda ndani ya chuma ambacho hakikutengenezwa kwa shinikizo hilo.

Yalinikuta mimi mwenyewe. Miaka ya mwanzo nilinunua geji 16 ya zamani katika duka moja, nikaambiwa "iko tayari kwa msituni". Muuzaji hakupima chemba, na mimi sikuuliza, ingawa nilikuwa tayari najiita fundi. Niliwinda nayo msimu mzima kwa risasi za kisasa. Ilinipiga teke shavuni mpaka nikawa narudi na kichwa kinauma, nikadhani ni ubaya wa kitako. Mwisho wa msimu niliona ufa umetokea nyuma ya mwili wa bunduki, mbao ikiwa imeanza kupasuka kwa vile vishindo. Niliokota maganda yangu yaliyotumika nikayatazama kwa miwani ya kukuzia: midomo yote ilikuwa imechanika na kuwa kama nyuzi za katani. Hapo ndipo nikaingiza kipimo, nikakuta chemba fupi. Bunduki ilipona baada ya kutiwa gundi na pini. Mbao ndiyo iliyoathirika badala ya mtutu, na ninamshukuru Mungu kwa hilo.

Kwa hiyo ipeleke Fox kwa fundi anayejua bunduki za kale, kwa ruhusa ya mzee, kabla pesa hazijabadilisha mikono. Mzee akikataa isipimwe, hapo umeshajibiwa: usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Fundi atapima kina cha chemba, upana wa ndani, na unene wa kuta za mitutu kuanzia chemba mpaka mdomoni, kwa sababu wapo waliozisugua kutu za ndani mpaka chuma kikawa chembamba kama bati. Mimi unene wa mtutu ukishuka chini ya sehemu 25 kati ya 1,000 za inchi mahali pake pembamba huwa naurudisha kwa mwenyewe, ingawa wapo mafundi wanaokubali sehemu 20 pale mbele karibu na mdomo. Akikuta chemba ni fupi, usimruhusu azichimbe ndefu haraka haraka, kwani atapunguza chuma pale panapohitaji unene kuliko kwingine. Njia nyepesi ni kununua risasi fupi za shinikizo la chini. Zinatengenezwa na kampuni ndogo, zinaagizwa kwa boksi, na ni ghali kuliko za duka la kawaida, lakini mwindaji wa kwale hamalizi boksi nyingi kwa msimu. Marisau namba 7½ au 8 yanatosha. Na marisau ya chuma yasiingie kamwe kwenye mitutu hii. Ni magumu, yanaweza kuharibu mdomo uliobanwa.

Kabla ya fundi, kuna majaribio ambayo wewe mwenyewe utayafanya sebuleni kwa mzee. Fungua, hakikisha chemba zote mbili ni tupu, chungulia na kuingiza kidole. Kisha toa mitutu kwenye mwili wa bunduki na kuiinua kuelekea dirishani, uchungulie kwa nyuma. Utaona mwanga umejipanga kwa duara ndani ya duara, kama mawimbi ya maji ulipotupa jiwe. Zungusha mtutu polepole. Duara likivunjika au kujikunja mahali, hapo pana kibonyeo au uvimbe. Kibonyeo fundi huweza kukiinua. Uvimbe maana yake chuma kimeshavutwa kikatanuka, nao sinunui. Madoa meusi yaliyotawanyika ni vishimo vya kutu. Machache mepesi mbele ya chemba si ajabu kwa umri huo, lakini yakiwa mengi na ya kina, ondoka.

Halafu mitutu hiyo hiyo itundike kwa kidole kimoja kupitia ndoano yake ya chini, na uigonge taratibu kwa konzi. Mitutu mizima inalia kama kengele, na sauti inabaki hewani kidogo. Ikitoa sauti ya sufuria iliyopasuka, au ukasikia mchakarisho, tepe imeachia mahali. Ifanyie na ile Smith iliyopakwa rangi, uone tofauti kwa masikio yako.

Irudishe mitutu bila mbao ya mbele, maana mbao hiyo ina springi inayoficha ulegevu. Funga, shika kitako, tikisa. Hupaswi kusikia wala kuhisi mchezo wowote bawabani. Inua dhidi ya taa utazame kati ya mitutu na ukuta wa nyuma: mwanga ukipenya, bunduki imelegea. Wenzo wa kufungulia ulio juu nao unasema kitu. Kwenye bunduki isiyochakaa hukaa upande wa kulia kidogo ukiwa umefungwa, na kadiri inavyochakaa unasogea katikati, kisha kushoto. Ukiukuta katikati hujapata tatizo. Ukiwa kushoto, ulizia gharama ya kuubana kabla ya kukubaliana bei.

Usisahau midomo. Itazame kwa mbele: kwenye mitutu ambayo haijakatwa, midomo miwili hukaribia kugusana. Pengo lililojazwa lehemu linaonyesha mtu alikata kipande, na mbano wote ukaondoka na kipande hicho. Kwa kwale mtutu usio na mbano si balaa, unaweza hata kukufaa, ila usilipie bei ya bunduki kamili.

Na usifyatue bunduki hizi bila kitu ndani ili "kusikia triga". Zilizo na umri huu sindano zake huvunjika. Nunua risasi bandia za mazoezi, dola chache tu.

Jambo ambalo watu hulipuuza na ambalo mimi ningeliweka karibu na chemba kwa umuhimu ni kitako. Wamarekani wa zamani walipiga wakiwa wamesimama wima, kichwa juu, kwa hiyo vitako vyao vilishushwa sana nyuma, mara nyingi inchi 3 chini ya mstari wa mtutu. Sisi leo tunainamisha shavu mpaka liguse mbao. Kwenye kitako kilichoshuka, shavu linabaki hewani, jicho halijui liko wapi, na marisau yanaenda chini ya ndege anayepaa. Fanya hivi: bunduki ikiwa tupu, chagua alama ukutani, fumba macho, ipandishe begani kama unavyofanya msituni, kisha fumbua. Ukiona tepe ya juu imenyooka na shanga ya mbele iko juu ya alama, imekukaa. Ukiona mgongo wa bunduki tu na shanga imezama, kitako kimeshuka mno. Na fanya hivyo ukiwa umevaa koti lile lile la Novemba, si shati. Koti nene linaongeza urefu wa kitako kwa kiasi kinachoweza kuinasa bunduki kwapani.

Kushuka kidogo kunarekebishika kwa kuvisha ngozi juu ya mbao, kazi isiyodhuru. Mbao zenye joto pia huweza kukunjwa na fundi mzoefu. Mbao zilizochakaa, kama za hiyo Fox, zisikutishe. Mafuta ya kitani na uvumilivu wa wiki mbili vitazirudisha. Usizipige msasa.

Sterlingworth nyingi zina triga mbili. Wengine huziona za kizamani, mimi nazitetea. Ya mbele inafyatua mtutu wa kulia, ambao kwa kawaida ndio wenye mbano mdogo, ya nyuma mtutu wa kushoto wenye mbano mkali. Kwale akipaa miguuni, kidole kinabaki mbele. Akipaa mbali, kinarudi nyuma, na uamuzi umefanyika bila kubofya chochote. Fundi akikuambia mitutu yote miwili imebana sana, usikimbilie kuichonga midomo. Kilichochongwa hakirudi. Jaribu kwanza risasi za kutawanya marisau, zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, na zipige kwenye karatasi kubwa kwa hatua 20 uhesabu matundu.

Kuhusu sheria, grini kadi inakuruhusu kununua bunduki Marekani, lakini ndugu na marafiki zako ambao kesi zao za hifadhi bado zinasubiri wasishike bunduki yako hata kwa picha kabla hawajaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Kosa dogo hapo linaweza kumfukuzisha mtu nchini. Hata kama mzee ni jirani yako, fanyeni mauziano kupitia duka lenye leseni ya serikali kuu, fomu ijazwe na rekodi ikaguliwe. Ndani ya gari bunduki iwe tupu, na hiyo ni sheria ya Maine. Jumapili huko hairuhusiwi kuwinda, kiwango ni kwale wanne kwa siku, na kofia na fulana ya rangi ya chungwa vaa hata siku usiyolazimishwa.

Nyumbani weka kufuli, risasi kwenye sanduku lingine. Huenda una watoto, au wa jirani wanaingia.

Kwa hiyo Jumamosi nenda kwa mzee na tochi, sarafu ya senti 10, na koti lako. Zifanyie bunduki zote mbili, Smith na Fox, majaribio ya dirishani na ya kengele. Fox ikifaulu, muombe akushikie kwa dola 50 za amana zenye stakabadhi, umalizie baada ya fundi kuipima. Bei ya dola 1,100 si ya kuonea kwa geji 16 nzima, lakini kama kitako kina ufa au wenzo umevuka kushoto, una haki ya kuomba apunguze hadi 850 na kumweleza kwa heshima ni kwa nini. Zilizobaki utanunulia risasi fupi. Ukipata vipimo vya fundi, niandikie vyote vitatu: kina cha chemba, unene wa mtutu mahali pembamba zaidi, na upana wa kila mdomo. Nitakwambia risasi ipi uagize kwa kila mtutu kabla majani hayajaanguka.